Kuandika upya muziki wa filamu ndani ya siku chache

Filamu imeshahaririwa, siku ya kuonyeshwa Ngome Kongwe, Unguja, inakaribia, na mwongozaji ameukataa muziki wote. Msikimbilie kutunga. Mwombeni kwanza mhariri picha ambayo haitakatwa tena hata fremu moja, na faili la maneno na milio lisilo na muziki wa zamani. Kama vyote vimeshachanganywa pamoja, muziki ule ni vigumu kuutoa wote na utagongana na wenu. Angalieni pia kasi ya fremu, yaani picha ngapi hupita kwa sekunde: picha ya fremu 24 kwa sekunde ikisomwa kama ya 25, dakika moja inakuwa sekunde 57.6, nanyi mtatafuta kosa kwenye upigaji wakati halipo huko.

Kisha kaeni na mwongozaji, mtazame filamu nzima mkiandika muziki unaingia wapi na unatoka wapi. Muulizeni kwanza wapi pawe kimya. Dakika 40 za muziki zikishuka hadi 22, mmeshapata muda ambao hamkuwa nao.

Kasi ya mapigo huamuliwa kabla ya melodia, na hapa ndipo wengi huharibikiwa. Tuseme kutoka mlango unapofunguliwa hadi mama anapoangua kilio ni sekunde 47. Mapigo 72 kwa dakika yanatoa 56 na kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachokosesha. Chagueni baa (mafungu ya mapigo) 14 za mapigo manne, yaani mapigo 56, halafu pigeni hesabu: 56 × 60 ÷ 47, sawa na 71.5 kwa dakika. Sikio halitambui tofauti, lakini pigo la kwanza la baa ya 15 litaangukia kwenye kilio chenyewe.

Vyombo viwe vichache. Jerry Goldsmith aliandika upya muziki wa Chinatown (1974) kwa siku 10, akitumia tarumbeta moja, piano nne, vinubi vinne, wapiga ngoma wawili na ala za nyuzi. Kwetu Unguja ala za taarabu, yaani udi, fidla, kanuni (ala bapa ya nyuzi za kudonoa) na dumbaki (ngoma ndogo), vinatosha kabisa. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, kuipatanisha kunakula muda, na unyevu huilegeza. Kwa hiyo vipande vyote vya maqamu (mpangilio wa noti) moja vipigwe kikao kimoja. Maqamu za Rast na Bayati zina robo toni, noti zinazoangukia katikati ya funguo za kinanda. Kinanda kikiwekwa chini yake kikae kwenye noti ya msingi na ya tano tu, la sivyo kanuni itasikika kama imekosea.

Rikodini baada ya Isha, maana Mji Mkongwe maikrofoni hushika adhana hata madirisha yakifungwa. Wekeni baa mbili za kliki, mlio wa kuhesabu mapigo, kabla ya noti ya kwanza, kwenye hedifoni za kufunika sikio. Udi unaponyamaza, kliki inayovuja husikika wazi. Kila chombo kiwe na traki yake, ili fidla ishushwe peke yake inapogombana na maneno. Kabla wapigaji hawajaondoka, chukueni taksim (upigaji huru wa chombo kimoja) ya dakika mbili bila kliki na noti ndefu ya kila chombo.

Faili ziwe WAV, 48 kHz, biti 24, zote zikianzia sehemu moja ya filamu.

Mhariri akikata sekunde 5 dakika za mwisho, msiharakishe kipande. Kwa kasi ile ya 71.5, baa mbili ni sekunde 6.7: ziondoeni, kisha pengo la sekunde 1.7 linalobaki lizibeni kwa noti ndefu ya fidla.