Kununua hisa DSE kwa mara ya kwanza: fomu, oda na maneno utakayokutana nayo

Kufungua akaunti ya hisa ni rahisi. Shida ni kwamba kosa la fomu halijitokezi siku ile ya kufungua. Linakaa kimya mpaka kampuni ilipe gawio, yaani sehemu ya faida inayogawiwa wanahisa, wenzako wapokee, wewe usipokee. Kwa hiyo habari za picha na nakala ya kitambulisho nazipita, nakaa kwenye zinazokula muda na hela.

Kabla ya kujaza chochote, jiulize kama tayari una akaunti ya CDS. Hilo ni daftari la kielektroniki linaloonyesha nani ana hisa ngapi za kampuni gani, na linatunzwa na CSDR, kampuni tanzu ya Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE). Linahifadhi hisa tu, pesa zako hazikai humo. Kama ulinunua hisa za Vodacom mwaka 2017 kwa shilingi 850, au za CRDB mwaka 2009 kwa shilingi 150, namba yako ipo hata kama karatasi zililiwa na panya. Mwambie dalali aitafute. Akikufungulia nyingine bila kuangalia, hisa zako zitakaa chini ya namba mbili, na kuziunganisha ni habari ya barua, nakala na subira.

Dalali ni kampuni yenye leseni ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji. Huingii sokoni mwenyewe; yeye ndiye anayepeleka oda yako. Orodha yao iko kwenye tovuti ya DSE. Kabla ya kuchagua, piga simu mchana wa siku ya kazi uone nani anapokea. Asiyepokea simu ya mtu anayeleta hela, siku ya kuidai atapatikana wapi?

Sasa fomu. Jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo NIDA, na akaunti ya benki iwe na jina hilohilo. Kama NIDA unaitwa kwa majina matatu na benki wanakujua kwa mawili, anza kwa kurekebisha benki. Halafu, na hapa ndipo nilipoumia, usiondoke bila kuona kilichoingizwa kwenye mfumo. Fomu yangu ilikuwa safi, namba ya benki nimeiandika kwa tarakimu kubwa. Mhudumu wa dalali wangu akaiingiza kwenye kompyuta huku akihudumia wengine, tarakimu mbili zikabadilishana nafasi. Gawio lilipotoka, benki ikalirudisha. Dalali akanielekeza kwa msajili wa hisa, anayetunza orodha ya wanahisa wa kampuni, msajili akanielekeza kwenye kampuni, kampuni ikanirudisha kwa dalali. Wote wakarimu, kila mmoja na fomu yake, na kila fomu inataka nakala ya kitambulisho ambacho wote wanacho tayari.

Kwa hiyo omba chapisho la taarifa zako kama zinavyosomeka kwenye mfumo. Ukipewa fotokopi ya fomu uliyojaza, irudishe, hiyo unaijua. Kagua jina, namba ya NIDA, simu, benki na tawi. Atakuangalia kwa jicho la huyu-naye, mwache aangalie.

Pesa inaingia kwenye akaunti ya wateja yenye jina la kampuni ya udalali. Afisa akikupa namba yake ya simu utume huko ili mambo yaende haraka, mshukuru na uondoke.

Kisha unafika kwenye oda, ambapo msamiati wote unakuja kwa mpigo. Ikiwa kampuni inauza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza, hilo ni toleo la awali: bei imepangwa, unajaza fomu, na maombi yakizidi unaweza kupewa pungufu ya ulichoomba. Baada ya hapo unanunua kwenye soko la upili, yaani kwa mwanahisa mwingine anayeuza, na bei inategemea mnakutana wapi. Tuseme ubaoni mnunuzi wa juu anatoa 400 na muuzaji wa chini anataka 430. Ukiweka oda ya bei ya soko, utauziwa kwa 430, na zikiisha utapandishiwa hadi kwa muuzaji anayefuata. Ukiweka oda ya bei ya kikomo, mfano 415, hutalipa zaidi ya hapo, lakini unaweza kungoja na usipate hata moja. Anayeanza aweke kikomo. Kwenye fomu andika pia oda idumu hadi lini; pakiachwa wazi, mhudumu atakujazia anavyojua yeye.

Kungoja huko kunatokana na ukwasi, yaani wepesi wa hisa kupata mnunuzi au muuzaji. Wengi wanauchanganya na mtaji wa soko, ambao ni bei ya hisa mara idadi ya hisa zote za kampuni. KCB na EABL zimeorodheshwa DSE pia na ni kampuni kubwa, lakini biashara ya hisa zao iko Nairobi. Dar es Salaam siku zinapita bila hata moja kubadilisha mkono. Kwa hiyo angalia idadi ya hisa zilizouzwa wiki nzima kabla hujavutiwa na bei.

Oda ikikubali, hisa haziingii palepale. Utaona T+3: siku ya muamala na siku tatu za kazi juu yake, ndipo hisa na pesa vinakabidhiana. Ukiuza Alhamisi usimwahidi mtu hela Jumatatu.

Gharama ni kamisheni ya dalali pamoja na ada za CMSA, DSE na CSDR. Kwa mtaji wa kawaida jumla inacheza kwenye asilimia 2, na inakatwa unaponunua na unapouza. Maana yake bei ikipanda asilimia 3 ukauza ukishangilia, umekula hasara.

Kuhusu gawio lenyewe: kampuni hutangaza kiasi kwa kila hisa na tarehe ya kufunga daftari la wanahisa. Jina lako liwe daftarini siku hiyo, na kwa sababu ya T+3 kununua jana yake ni kuchelewa. Usishangae pia bei ikishuka baada ya daftari kufungwa, anayenunua sasa hapati gawio hilo. Kampuni iliyoorodheshwa inakata kodi ya zuio asilimia 5, hivyo kwenye gawio la shilingi 100,000 utaingiziwa 95,000.

Tarehe ya malipo ikipita kimya, usimwandikie dalali peke yake. Andika kwa msajili wa hisa, taja namba ya CDS na mwaka wa gawio, ambatisha taarifa ya benki inayoonyesha jina na namba kamili, na kampuni uipe nakala. Ukipeleka kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe; bila huo, wiki ijayo utaambiwa barua haijafika.