NSE imepanda? Itazame kwanza tyubu: vipimo vya damu vya saratani ya mapafu

Juzi daktari mmoja kijana alinipigia simu maabara. Mgonjwa wake ana saratani ya mapafu ya chembe ndogo, NSE (protini ya damu inayofuatiliwa kwa saratani hiyo) imepanda maradufu, je, abadilishe dawa? Nikaitoa tyubu kwenye friji. Seramu, maji ya damu yanayobaki ikishaganda, ilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela. Nikamwambia asibadilishe kitu, kisha tukaanza upya hivi.

1. Anza na FBP, hesabu kamili ya chembe za damu, ni rahisi na ipo karibu kila mahali. Gawanya nyutrofili kwa limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe: 7.2 kwa 1.2 ni 6, uwiano wa juu. Uliza kama mgonjwa anatumia deksamethasoni, dawa ya steroidi, maana hupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti. CRP, protini inayopanda mwili unapopambana na maambukizi, nayo hupanda kwa TB na nimonia, kwa hiyo peke yake haikwambii kitu kuhusu saratani.

2. Chagua kipimo kwa aina ya saratani, baada ya majibu ya kinyama, yaani kipande cha uvimbe kilichopimwa. Protini hizi za damu zina aina zake za saratani ya mapafu: CEA kwa adenokasinoma, CYFRA 21-1 kwa skwamasi, NSE na ProGRP kwa chembe ndogo. Kuagiza vyote "tuone" ni kumtia mgonjwa gharama bure.

3. Kutoa damu. Hapa niliwahi kupoteza alasiri nzima nikikalibreti mashine isiyo na kosa. Chembe nyekundu zina NSE ndani yake, plateleti pia. Zikipasuka, NSE hupanda bila saratani kusogea hata kidogo, na LDH, kimeng'enya kingine kilichomo ndani ya chembe, hupanda nayo, hivyo unaona mashahidi wawili kumbe ni uongo mmoja. Mimi napendelea tyubu za vakyumu. Ukilazimika kutumia sirinji, usivute kwa nguvu wala usiisukume damu kupitia sindano. Pindua tyubu taratibu, usiitikise. Iache igande, izungushe kwenye sentrifuji ndani ya saa moja, kisha hamisha seramu mara moja. Ikitoka ya pinki, toa damu upya. Fomula za kusahihisha NSE ya seramu kama hiyo siziamini. Ikijirudia hata ukiwa mwangalifu, huenda chembe zinapasuka mwilini mwa mgonjwa mwenyewe. ProGRP hudumu vizuri zaidi kwenye plazma ya EDTA (damu iliyozuiwa isigande), tyubu ya kofia ya zambarau.

4. Angalia kreatinini, kipimo cha kazi ya figo. Figo zikishindwa, ProGRP na CYFRA hupanda.

5. Rudia kipimo kwenye maabara ileile, mashine ileile. Kwa mvutaji sigara, CEA iliyopanda kidogo isikushtue.

Sampuli mpya ya yule mgonjwa ilitoka safi, ya manjano. NSE ilikuwa palepale pa mwezi uliopita.