Ukiumwa misuli kwa dawa ya kolestro, anza na daftari kabla ya vitamini

Mapaja yangu yalianza kuuma Januari, msimu wa sare za shule, wakati mafundi cherehani wa hapa Moshi tunakanyaga tangu asubuhi hadi giza linaingia. Nikasema ni kazi. Februari wateja wakapungua, nikawa nakaa barazani nashona vifungo tu, na bado yanauma, kulia na kushoto sawasawa, kama niliyeshuka Kibosho kwa miguu na mkungu wa ndizi kichwani. Hapo nikakumbuka: Desemba nilianzishiwa simvastatini, miligramu 40 kila usiku, kwa ajili ya kolestro.

Wewe unayemeza dawa za jamii hiyo, statini, usiziache kimyakimya. Mimi niliacha siku tisa bila kumwambia mtu na ninajuta. Nina presha na kisukari, na kidonge kile ndicho kinachopunguza hatari ya kiharusi na shambulio la moyo. Paja linalouma unalisikia. Mshipa unaoziba husikii kitu.

Kuna hali moja tu ya kutosubiri. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, au misuli ikauma sana na kulegea hata kuinuka kwenye kigoda ni shida, usimeze kingine, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ni misuli inayovunjika, na mabaki yake huumiza figo. Hutokea kwa nadra sana, ila haingoji kesho.

Kama si hivyo, muone daktari wako, na uende na daftari. Mimi nilichukua lile la vipimo vya wateja, nikapiga mistari kurasa za nyuma: tarehe, panapouma, upande mmoja au pande zote, ukali kuanzia 0 hadi 10, kazi niliyofanya, dawa nilizomeza. Mstari mmoja ulisomeka hivi: “Jumanne, mapaja yote, 6, nimekata vitambaa tu, sikukanyaga.” Daktari aliurudia mara mbili. Maumivu ya statini kwa kawaida hushika misuli mikubwa, yaani mapaja, nyonga, vigimbi na mabega, pande zote mbili, na mara nyingi huanza wiki au miezi ya mwanzo. Goti moja linalouma peke yake mara nyingi lina sababu nyingine.

Beba na dawa zako zote katika mfuko mmoja, hata za mitishamba. Mfamasia aliumwaga wangu mezani, akasogeza maboksi mawili yakakaa pamoja: simvastatini 40 na amlodipini ya presha. Nilipewa na kliniki mbili tofauti, na hakuna aliyeniuliza natumia nini kingine. Amlodipini huifanya simvastatini ibaki nyingi mwilini, ndiyo maana zikienda pamoja simvastatini haitakiwi kuzidi miligramu 20. Hata antibayotiki kama klarithromaisini na erithromaisini, na juisi ya balungi, hupandisha kiwango chake.

Vipimo ni vichache. CK, kimeng’enya cha misuli kinachopimwa kwenye damu, huonyesha kama misuli inaumia. Ikizidi mara kumi ya kiwango cha juu cha kawaida, hapo pana hatari. Usifanye kazi nzito siku moja au mbili kabla ya kutoa damu, maana nayo huipandisha. Uliza pia kipimo cha tezi ya thairoidi, kwa sababu ikifanya kazi pole pole misuli huuma zaidi.

Sasa vitamini, ambazo jirani yangu wa saluni alinishauri kabla ya yote. Koenzaimu Q10, kitu ambacho mwili hujitengenezea na pia huuzwa kama kirutubisho, ina hoja inayoeleweka: njia ambayo mwili hutengenezea kolestro ndiyo hiyo hiyo unayotengenezea Q10, kwa hiyo statini hupunguza vyote viwili. Lakini majaribio yamepishana, mengine yaliona nafuu, mengine hayakuona kitu. Kichupa kilizidi bei ya pisi mbili za vitenge, nikakirudisha. Ukitaka kujaribu, mwambie daktari, hasa kama unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwani inaweza kuipunguza nguvu. Vitamini D ilipimwa Marekani kwa watu zaidi ya 2,000 walioanza statini, na matokeo ya 2022 yalikuwa asilimia 31 waliumwa misuli katika kundi la vitamini na asilimia 31 katika kundi la vidonge vitupu, yaani visivyo na dawa ndani. Kama damu yako imepungukiwa nayo, itibu. Kuimeza ili kuzuia maumivu haya, mimi siioni faida.

Jaribio la Uingereza la 2020 lilinigusa zaidi. Watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara walipewa miezi ya statini, miezi ya vidonge vitupu na miezi bila kidonge. Sehemu kubwa ya usumbufu waliousikia kwenye statini waliusikia pia kwenye vidonge vitupu. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, lakini mengi hayakutoka kwenye dawa. Ndiyo maana daktari husimamisha kwa wiki chache, kisha hurudisha kwa kipimo kidogo au hubadilisha aina.

Mimi nilipumzishwa wiki nne, nikarudi na atorvastatini miligramu 10. Daftari likashuka kutoka 6 hadi 1, siku nyingine 0. Jumatatu iliyopita niliandika 3, nikashtuka, nikatazama safu ya kazi: jana yake nilipanda Kibosho kwa miguu kwenye msiba.