Seva inapokataa wageni: kuongeza ukomo wa miunganisho kwenye Linux

Msimu wa zabibu hapa Dodoma, bei ikitoka asubuhi, wakulima wa Hombolo na Mpunguzi hushika simu kwa pamoja. Siku moja seva yetu ndogo ya bei iligoma saa mbili kamili. RAM ipo tele, prosesa imelala, lakini watu hawaingii. Kwenye logi, mstari mmoja tu ukijirudia: `Too many open files`, yaani faili zilizofunguliwa zimezidi.

Faili zipi tena? Kwa Linux, kila muunganisho wa mtandao ni soketi, na soketi huhesabiwa kama faili iliyo wazi. Programu ikifikia ukomo wake, ambao mara nyingi ni 1024, mgeni anayefuata anabaki mlangoni.

Hatua ya 1: pima programu yenyewe

Wengi hukimbilia `ulimit -n`. Hiyo inakuonyesha ukomo wa terminali yako, si wa seva. Seva yetu inaendeshwa na nginx, programu inayopokea wageni wa wavuti. Pata namba ya mchakato wake kwa `pgrep nginx`, kisha (tuseme ni 1234):

```
grep files /proc/1234/limits
sudo ls /proc/1234/fd | wc -l
```

Amri ya kwanza inatoa namba mbili: ukomo unaotumika sasa, halafu dari yake. Ya pili inahesabu zilizo wazi muda huu.

Hatua ya 2: hakikisha hakuna uvujaji

```
ss -tn state close-wait | wc -l
```

Hesabu hii ikizidi kupanda hata usiku wa manane, programu yako haifungi miunganisho iliyokwisha. Rekebisha programu kwanza. Ndoo iliyotoboka haiponi kwa kununua ndoo kubwa zaidi.

Hatua ya 3: ongeza ukomo panapohusika

Hapa nilipoteza nusu siku. Nilihariri `/etc/security/limits.conf`, nikawasha upya, hola! Faili ile husomwa na PAM, mfumo wa Linux wa kuthibitisha watumiaji, mtu anapoingia kwenye akaunti yake. Huduma zinazowashwa na systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, hazipiti njia hiyo. Andika `sudo systemctl edit nginx`, uweke:

```
[Service]
LimitNOFILE=65536
```

Kisha `sudo systemctl restart nginx`. Usitumie reload, kwa sababu mchakato mkuu unabaki uleule na ukomo wake wa zamani. Rudia hatua ya 1 kwa namba mpya ya mchakato.

Hatua ya 4: mipaka ya nginx

Kwenye faili ya mipangilio ya nginx, ongeza `worker_connections` ndani ya sehemu ya `events`, mfano 8192. Kama nginx inapeleka maombi kwa programu nyingine nyuma yake, mgeni mmoja anakula miunganisho miwili: mmoja wa simu yake, mwingine wa kwenda nyuma. Zidisha hesabu yako kwa mbili.

Hatua ya 5: foleni ya mlangoni

Hii ni foleni ya miunganisho inayosubiri kupokelewa na programu. Angalia ukomo wake kwa `sysctl net.core.somaxconn`. Kabla ya kerneli (kiini cha Linux) toleo la 5.4 ilikuwa 128. Tangu hapo ni 4096. Ya kwako ikiwa ndogo, andika `net.core.somaxconn=4096` kwenye `/etc/sysctl.d/90-mtandao.conf`, kisha `sudo sysctl --system`. Lakini nginx kwenye Linux huomba foleni ya 511 tu, kwa hiyo ongeza pia `backlog=4096` kwenye mstari wake wa `listen`.

Yote haya fanya jioni ya kabla ya siku ya bei. Restart inakata waliokwishaingia, na mkulima aliyekatwa akiangalia bei atakupigia wewe.