Kupata bendi mpya za roki ukiwa Nakuru au Kisumu: fuata watu

Ukikaa Nakuru au Kisumu ukingoja programu ya simu ikuletee bendi mpya ya roki ya Kenya, utangoja sana. Programu hizo hupenda kurudia kile ambacho wengi wameshasikiliza, na vijana wanne wenye nyimbo mbili mtandaoni bado hawana hao wengi. Mimi huandaa orodha ya muziki mpya na shoo kwa kundi la WhatsApp la wapenzi wa roki hapa Nakuru. Njia yangu ni ya kizamani kidogo: nafuata watu. Mpiga besi, fundi mitambo, mwenye drams, mwenye lebo (kampuni inayotoa rekodi). Uwanja wetu ni mdogo, na jina moja ukilishika vizuri linavuta mengine.

Andaa simu, bando, na daftari au jedwali lenye safu nne: bendi, watu waliomo, waliopanda nao jukwaani, mahali. Safu ya pili ndiyo itakayokulisha.

Hatua ya 1: Chimba bendi moja mpaka chini

Chagua bendi moja unayoipenda, usome kila kilichoandikwa chini ya rekodi yake. Tuseme umeanza na Duma, wawili kutoka Nairobi waliotoa albamu yenye jina lao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. (Ukitafuta "Duma" peke yake utaletewa wanyama wa Maasai Mara, kwa hivyo ongeza jina la lebo.) Maelezo yanakutajia watu: Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Yanakutajia pia walikotoka, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Hapo tayari una bendi mbili zaidi. Sasa mfuate Khanja aendako: mwaka 2024 alitoa The Adept chini ya lebo yake mwenyewe, Haekalu Records. Umepata lebo mbili za kufuatilia, moja Uganda na moja ya Mkenya, na hujatumia dakika kumi. Yote yametoka kwenye aya ambazo wasikilizaji wengi huziruka.

Nikuonye, Duma si ya kila sikio. Ni mayowe na midundo ya mashine, na jirani atagonga mlango. Ukitaka gitaa zinazoeleweka, anza na Parking Lot Grass au Murfy's fLaw; ukipenda panki, Crystal Axis; ukipenda metali, Last Year's Tragedy. Zote ni za Nairobi, na hilo lisikukatishe tamaa. Wanamuziki huhama, hurudi kwao, huoa, huanzisha bendi nyingine mahali pengine. Ndiyo maana tunaandika majina ya watu.

Hatua ya 2: Tafuta kwa mahali

Bandcamp, tovuti ambako bendi huuza muziki wao wenyewe, hukuruhusu kutafuta kwa tagi ya mahali, yaani neno la utambulisho linalotaja mji au nchi. Jaribu kenya, nairobi, nakuru, kisumu, eldoret, kila moja peke yake. Tagi hizi huandikwa na bendi zenyewe, kwa hivyo kijana wa Kakamega anaweza kujiandika Nairobi ili aonekane, na mwingine akaandika Kenya tu akaishia hapo. Utakutana pia na vitu vingi visivyo roki. KMRU, kwa mfano, anasifika sana lakini kazi yake ni sauti tulivu za kielektroniki. Pita, au sikiliza kama una muda. Ukipata bendi unayoitaka, bonyeza kitufe cha kuifuata, na siku wakitoa kitu utaletewa barua pepe.

Kwa metali kuna Encyclopaedia Metallum, inayojulikana zaidi kama Metal Archives, ambayo imekuwepo tangu 2002. Fungua orodha ya nchi, uchague Kenya. Itakuonyesha kila bendi iliyosajiliwa, kama bado iko hai au imevunjika, na wanachama wake wa sasa na wa zamani pamoja na bendi nyingine walizopigia. Bendi iliyovunjika usiiruke. Mara nyingi ndiyo yenye majina matamu zaidi. Ila wahariri wake ni wakali: panki na roki ya kawaida hawaziingizi kabisa, kwa hivyo bendi kukosekana humo si dalili kwamba haipo.

Hatua ya 3: Tenga Ijumaa

Tangu Julai 2015 kampuni za muziki duniani hutoa kazi mpya siku ya Ijumaa, na hata bendi ndogo nyingi hufuata ratiba hiyo. Nusu saa ya Ijumaa jioni inatosha. Pitia barua pepe za Bandcamp, kisha kurasa za lebo ulizoandika. Kwa roki ya nje, fungua orodha ya nyimbo zilizochezwa na KEXP, redio ya Seattle isiyotegemea matangazo ya biashara. Hutaja msanii na lebo ya kila wimbo, na vipindi vyake unaweza kuvisikiliza upya kwa wiki mbili. Asubuhi yao ni jioni yetu, kwa hivyo hata moja kwa moja haikusumbui.

Hatua ya 4: Kwa shoo, mtafute mwenye drams

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Hukesha Instagram wakisubiri mabango, na kwa miji yetu bango hutoka siku chache tu kabla ya shoo, au lisitoke kabisa.

Fikiria shoo ya roki inahitaji nini. Gitaa kila mtu anabeba lake mgongoni. Ampu mbili mtu anaweza kuazima. Lakini seti nzima ya drams, na spika zinazoweza kuhimili gitaa lenye kukwaruza, si vitu vilivyojaa mjini. Viko kwa wachache: wanaokodisha vyombo kwa harusi na mikutano, makanisa yenye bendi, kumbi chache, na vyuo vikuu. Hao ndio wanaojua shoo kabla yako, kwa sababu vyombo huwekewa nafasi mapema.

Kwa hivyo waulize wanaokodisha vyombo mjini kwako, uhifadhi namba zao, uwe unatazama status zao za WhatsApp. Wengi huonyesha kazi wanazokwenda kufunga. Wapigie mara moja kwa mwezi, usizidishe. Mweleze fundi unachotafuta: "Kuna vijana wa gitaa nzito wamekodi kwako?" Ataelewa, hasa akikumbuka walivyompandisha presha kwa kuongeza sauti mpaka taa nyekundu zikawaka.

Usidharau kanisa. Wapiga drams na besi wengi nchini walijifunzia huko, na kijana anayepiga sifa Jumapili anaweza kuwa na bendi ya roki Jumamosi ambayo mchungaji hajaisikia. Vyuo navyo, Egerton kule Njoro, Maseno, Masinde Muliro pale Kakamega, vina wiki za utamaduni na mashindano ya vipaji ambako bendi changa hupanda jukwaani kwa mara ya kwanza. Nakuru angalia ratiba ya Nakuru Players Theatre. Kisumu, kumbi za upande wa Dunga. Usitarajie usiku mzima wa roki. Kisumu hasa, bendi ya gitaa nzito inaweza kuwekwa katikati ya benga na rumba, ipewe nyimbo nne. Nenda hivyo hivyo. Mpiga solo wa benga atakufundisha mambo kuhusu gitaa ambayo hukuyajua.

Hatua ya 5: Hakikisha kabla ya kulipa nauli

Bango likikufikia, linganisha siku na tarehe. Kama linasema Jumamosi na tarehe hiyo mwaka huu ni Jumanne, ni bango la zamani linalozungushwa. Kisha piga simu ukumbini uulize kama bendi inapiga laivu, maana "usiku wa roki" mara nyingi ni DJ na kompyuta yake. Uliza pia bendi inapanda saa ngapi hasa. Saa kumi ya bango huweza kuwa saa mbili usiku. Ukilipa kwa till ya M-Pesa, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN.

Kwa shoo za Nairobi, Nakuru ni kilomita kama 160, unaweza kwenda na kurudi. Kisumu ni zaidi ya 340: panga pa kulala.

Hatua ya 6: Lipa bendi, kisha uliza majina

Spotify, tangu 2024, hailipi wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12. Bendi nyingi unazozigundua kwa njia hii hazifiki hapo. Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kidijitali, gharama ya malipo kando, na zile siku zinazoitwa Bandcamp Friday huacha fungu lake lote. Kama huna kadi ya benki, M-PESA GlobalPay hukupa kadi ya Visa ya mtandaoni. Na kama bendi iko mbele yako, nunua fulana, au muulize mpiga besi namba yake ya M-Pesa, hatakataa.

Wakati wanakunja nyaya, uliza mambo matatu: nani aliyewarekodi, mpiga drams wao anapigia nani mwingine, na wao wenyewe wanasikiliza bendi gani ya hapa nchini. La tatu hujibiwa kwa wingi kuliko yote, kwa hivyo uwe na daftari mkononi. Ijumaa inayofuata anza na majina hayo kabla ya kufungua barua pepe.