Somo: kuweka stopa ya pedeli ya klachi kwenye gari la kujiundia

Wakuu salama? Niliahidi hili somo tangu nilipowaonyesha kagari kangu, kale ka siti mbili ka mtindo wa Lotus Seven ninakoungaunga gereji ya nyumbani huku Uingereza, gia boksi ni Type 9 ya Ford Sierra. Leo ni pedeli ya klachi tu na stopa yake (kizuizi cha kuifanya isiende chini kupita kiasi), maana pedeli hiyo imenishushisha gia boksi mara mbili nikiwa mgongo chini na baridi hii.

Kisa chenyewe, klachi yangu ni ya oili na sleva (pampu ya chini inayoisukuma klachi iachie) imekaa ndani kabisa, imezunguka shafti ya gia. Masta (pampu ya juu inayosukumwa na pedeli) ilikuwa ya kipenyo cha tano kwa nane ya inchi, nikaona pedeli inaenda mbali sana ndo inaachia, nikafunga ya robo tatu, kumbe robo tatu inasukuma oili zaidi kwa asilimia 44 kwa mkanyago uleule, na nyuma ya pedeli hakuna cha kuizuia, mguu unaenda mpaka ukutani. Pistoni ya sleva ikapita mwisho wake, sili ikaachia, oili yote chini, pedeli ikalala moja kwa moja. Na hata sili isipoachia, vidole vya presha pleti (sahani inayoibana klachi) ukivibonyeza kupita kiasi unaviua.

Gari la kiwandani hesabu hiyo ishapigwa. Sisi pedeli tumetoa huku, masta kule, sleva kwingine.

1. Toa upepo wote kwenye oili ya klachi kwanza. Ukipima kukiwa na upepo stopa utaiweka mbali mno, siku upepo ukitoka umerudi kulekule.

2. Weka vigingi kwenye matairi yanayobaki chini, nyanyua tairi MOJA la nyuma, weka stendi. Injini imezimwa, gia ya nne, handbreki usivute. Mtu alizungushe lile tairi kwa mkono (mimi nilimuomba mke wangu, bado ananidai glavu) na wewe unakanyaga taratibu. Linagoma, linagoma, ghafla linazunguka, hapohapo ganda.

3. Pima pedeli imetembea kiasi gani. Yangu milimita 85. Ongeza 15 za akiba, stopa ikae 100. Kabla ya hapo mguu wangu ulikuwa unafika 140, jionee mwenyewe.

4. Stopa yenyewe ni bolti ya M10, nati umeichomelea kwenye kipande cha chuma, na nati ya pili ya kuikaza isijifungue. Ichomelee kwenye fremu, usithubutu kuifunga kwenye bati la alumini, litabonyea. Iguse mkono wa pedeli karibu na pale mguu unapokanyaga. Ukiiweka juu karibu na pini ambayo pedeli inazungukia, nguvu ya mguu inafika pale imezidishwa mara kadhaa na kitu kitapinda.

5. Washa injini, ipate moto, kanyaga mpaka stopa, hesabu sekunde tatu, ingiza rivasi. Rivasi ya Type 9 haina sinkro (kifaa cha kulainisha gia iingie bila kelele) kwa hiyo haikufichi kitu, ikikoroma rudisha bolti nusu mzunguko, jaribu tena.

MASWALI

Mdau: Mkuu handbreki usivute kwanini? Si hatari gari liko juu?

Jibu: Handbreki inashika matairi yote mawili ya nyuma, na hilo la juu halitazunguka hata klachi ikiachia. Ndo maana ya vigingi, na usiingie chini.

Mdau: Mimi klachi yangu ya waya, inanihusu?

Jibu: Inakuhusu kaka, bila stopa mguu wote unaishia kwenye waya. Ila waya unavutika na klachi inalika, ukirekebisha waya pima na stopa upya.

Mdau: Niweke na stopa ya juu, pedeli inaporudi?

Jibu: Weka, ila fimbo ya masta ibaki na uchezaji kama milimita moja. Ikibaki imesukumwa hata kidogo, kile kitundu cha kurudishia oili kinazibika, presha inabaki ndani na klachi inaanza kuteleza, utalaumu pleti bure.

Mdau: Nina Corolla, pedeli inaenda chini sana, nibandike hiyo bolti?

Jibu: Hapana mzee. Hiyo ilikuwa sawa ikaharibika, tafuta upepo au masta inayovujisha kwa ndani. Ukiweka bolti hapo haitaachia kabisa.

Mdau: Kichwa cha bolti nimevalisha mpira wa tyubu.

Jibu: Safi, makelele yanapungua, ila uwe mwembamba. Mnene unabonyea na ile 100 yako inakuwa 106.