Kutunza siri za mama aliyepigwa ukiwa mtetezi kwenye programu ya kabila, hatua kwa hatua

Jamani kwa nyie mnaoanza utetezi, yaani kumsaidia na kumsimamia mama aliyepigwa na mumewe, kwenye programu za makabila ya asili Marekani, kama mimi huku Arizona, siri ndo kazi yenyewe, ikivuja mtu anaweza kufa.

Hatua ya 1. Kabla hujamuahidi mama chochote soma sheria ya kabila lenyewe. Makabila yanayotambuliwa na serikali kuu yanazidi 570, mengi yana mahakama na sheria zake, zingine zinasema mtetezi halazimishwi kutoa ushahidi wa aliyoambiwa, zingine hazisemi kitu kabisa. Hapa ndo watu wanachanganya: ofisi ikipata hela za VAWA (sheria ya serikali kuu ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake) hairuhusiwi kutoa taarifa zinazomtambulisha mama bila ruhusa yake, sawa, lakini hakimu akiamuru uzitoe, VAWA peke yake haikukingi, unahitaji sheria ya kabila, na hata ukiwa nayo, kesi ikienda mahakama ya jimbo au ya serikali kuu inaweza isikusaidie.

Hatua ya 2. Mwambie mipaka kabla hajaanza kusimulia, sio akishamaliza. Hasa ya watoto, maana kuna watu kama manesi, walimu na maafisa ustawi ambao sheria inawabana waripoti mtoto akidhulumiwa kwenye ardhi ya kabila, ujue na wewe kama umo.

Hatua ya 3. Fomu ya ruhusa iseme nini kinatoka, kwa nani, mwisho lini, asaini mwenyewe. Usimpe fomu yenye nafasi wazi eti mtajaza baadae. Asiposaini bado anapata kitanda kwenye nyumba ya hifadhi na huduma zote.

Hatua ya 4. Simu, hii nawasihi sana. Huku kila mtu ni ndugu, karani wa mahakama ni shangazi wa mume, polisi ni binamu yake, kwaiyo atapiga mtu na sauti ya upole kabisa, "naomba niongee na dada yangu". Jibu ni moja siku zote, "siwezi kusema kama yupo au hayupo", hata kama kweli hayupo! Maana ukizoea kusema hayupo, siku ukikataa kujibu ushamwambia yupo.

Hatua ya 5. Samansi ikija usitoe faili na usiitupe, mpigie mwanasheria siku hiyohiyo, alafu mtafute mama kwa namba aliyokwambia ni salama, umwambie kwa mdomo, usiache meseji.